Babatunde Fashola, wakili aliyeiongoza Lagos: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mjadala wa miji mikubwa ya Afrika ukianza, Lagos haikosi kutajwa, na ikitajwa Lagos, Fashola huja nyuma yake. Wapo wanaomtaja kwa sifa. Wapo waliovunjiwa nyumba zamani zake, na hao husimulia mengine. Haya ndiyo maswali yanayojirudia zaidi, na majibu yake.

Fashola ni nani?

Babatunde Raji Fashola ni wakili wa Nigeria aliyekuwa gavana wa Jimbo la Lagos kwa mihula miwili, kuanzia 29 Mei 2007 hadi 29 Mei 2015. Baada ya hapo alikuwa waziri katika serikali ya shirikisho ya Rais Muhammadu Buhari hadi 2023. Alizaliwa Lagos tarehe 28 Juni 1963. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari, mama yake muuguzi. Magazeti ya kwao humwita BRF.

Alisomea sheria wapi?

Chuo Kikuu cha Benin, alikohitimu 1987. Hii Benin ni mji ulio ndani ya Nigeria, si ile nchi jirani, wengi huchanganya. Alikubaliwa kuwa wakili Novemba 1988 na kuanza kazi katika ofisi ya mawakili jijini Lagos, akisimamia kesi za kila aina: migogoro ya ardhi, hati za viwanja, alama za biashara, ugomvi wa uchifu, jinai. Mwaka 2004 akapewa cheo cha SAN, yaani Mwanasheria Mwandamizi wa Nigeria, cheo cha juu kabisa kwa wakili wa mahakamani nchini humo.

Hizo kesi za ardhi zisipitwe haraka. Anayeijua ardhi ya Lagos, nani ana hati, nani anakaa tu, nani anauza kiwanja kimoja kwa watu watatu, anajua nusu ya siasa za mji ule.

Aliingiaje kwenye siasa?

Kwa mlango wa ofisi. Utawala wa kijeshi ulipokwisha mwaka 1999, Bola Tinubu alichaguliwa gavana wa Lagos, na Fashola akawa katibu wa kamati ndogo ya ardhi katika vikundi vya kazi vya kipindi cha mpito. Akapewa kazi nyingine za tume na uchunguzi, hadi Agosti 2002 alipoteuliwa mkuu wa ofisi ya gavana. Kila faili lililokwenda kwa Tinubu lilipita mezani kwake.

Kabla ya 2007 hakuwa ameshika kiti chochote cha kuchaguliwa, hata udiwani. Kwangu mimi jambo hili linaeleza mengi kuliko lolote lingine katika maisha yake ya uongozi. Hakulelewa na mikutano ya hadhara wala vijiwe vya chama, alilelewa na mafaili. Mazuri aliyoifanyia Lagos yana sura ya faili lililokamilika, na mabaya yake yana sura hiyohiyo.

Kwa hiyo Tinubu ndiye aliyemweka?

Mwaka 2007, ndiyo. Chama kilikuwa Action Congress, na wenye hamu ya kumrithi Tinubu walikuwa wengi, baadhi yao wanasiasa wa miaka mingi. Tinubu akasimama na mkuu wa ofisi yake. Naibu gavana, Femi Pedro, alinuna, akahamia Labour Party, na baraza la jimbo likamng'oa madarakani wiki chache tu kabla muda wake haujaisha. Fashola akamshinda Musiliu Obanikoro wa PDP, chama kilichokuwa kimeshika nchi nzima.

Mwaka 2011 hali ilikuwa tofauti. Alipata kura 1,509,113, na mpinzani wake wa karibu, Ade Dosunmu wa PDP, akapata 300,450. Kura za kiasi hicho huwezi kumpa mtu mfukoni, hata ungekuwa Tinubu.

Uhusiano wao haukubaki laini. Magazeti ya Nigeria yaliandika kwa miaka kuhusu mvutano wa chini kwa chini, na ilipofika zamu ya kumtafuta mrithi mwaka 2015, ilisemekana Fashola alimtaka Supo Shasore, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Chama kilimchukua chaguo la Tinubu, Akinwunmi Ambode. Fashola hakuhama chama wala hakuita waandishi wa habari kulalamika.

Gavana wa jimbo Nigeria ni sawa na gavana wa kaunti Kenya au mkuu wa mkoa Tanzania?

Mkuu wa mkoa ni mteule wa rais, hivyo huyo tumuweke pembeni. Gavana wa Kenya yuko karibu zaidi: anachaguliwa na wananchi na ana ukomo wa mihula miwili. Ila jimbo la Nigeria ni zito kuliko kaunti. Yapo 36, na kila moja lina baraza lake la kutunga sheria, mahakama kuu yake na mwanasheria mkuu wake. Muhula ni miaka minne. Ili kushinda, mgombea anahitaji kura nyingi kuliko wenzake pamoja na angalau robo ya kura katika theluthi mbili ya maeneo ya serikali za mitaa. Akiwa madarakani, ibara ya 308 ya katiba inamkinga asishtakiwe.

Kitu kimoja hana: polisi. Kamishna wa polisi wa jimbo anapokea amri kutoka Abuja, kwenye serikali ya shirikisho. Fashola alizunguka ukuta huo kwa njia ya kiwakili. Mwaka 2007 mfuko wa usalama wa jimbo ulitungiwa sheria, makampuni na watu binafsi wakachangia, na fedha zikanunua magari na vifaa kwa ajili ya polisi wale wale ambao gavana hana mamlaka ya kuwahamisha hata askari mmoja.

Hapo ndipo kinapoingia kisa ambacho watu wa Lagos hawachoki kukisimulia. Mwaka 2012, akiwa njiani, alimkuta kanali wa jeshi akiendesha gari kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi. Akashuka na kumsimamisha yeye mwenyewe. Kwa nchi iliyotawaliwa na wanajeshi hadi 1999, raia aliyevaa shati la kawaida kumwambia kanali kwamba amevunja sheria ya barabarani halikuwa jambo dogo. Kanali akaomba radhi.

Mwendokasi wa Lagos ulikuwa wake?

Mbegu ilipandwa na mtangulizi wake. Mamlaka ya usafiri ya jiji, LAMATA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2002 kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mabasi yenyewe yalianza 17 Machi 2008, miezi kumi tangu Fashola aingie ofisini, katika njia ya kilomita 22 kutoka Mile 12 hadi CMS, katikati ya mji. Ulikuwa mfumo wa kwanza wa aina yake kusini mwa Sahara.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaosikia hivyo wasiwaze vituo vya Kimara na Morocco. Lagos ilichagua njia ya bei nafuu: takriban dola milioni 1.7 kwa kilomita, vituo vya kawaida, na sehemu ya njia ikitenganishwa na magari mengine kwa ukingo wa zege au rangi tu barabarani. Kazi iliisha ndani ya miezi 15 tangu wazo lilipopitishwa. Awamu ya kwanza ya Dar, kilomita 20.9, ilijengwa kwa uimara zaidi, na mabasi yake yakaanza Mei 2016.

Jambo la kuigwa, kama lipo, ni namna walivyowashughulikia wenye danfo, vile vibasi vya manjano ambavyo ni ndugu wa daladala na matatu. Chama cha madereva hakikufukuzwa barabarani. Kilipewa nafasi ya kuwa mwendeshaji kupitia ushirika wake, na mtu aliyetarajiwa kupinga mradi akawa na hisa ndani yake.

Na bodaboda?

Huko zinaitwa okada, na hazikupata bahati ya danfo. Sheria ya usalama barabarani aliyoisaini Agosti 2012 ilizipiga marufuku kwenye barabara 475. Serikali ilitaja ajali na uporaji wa kutumia pikipiki, na madai hayo hayakuwa ya kutunga. Waendeshaji nao waliuliza wale nini. Pikipiki nyingi zilikamatwa na kupondwapondwa. Magavana waliomfuata wamepiga marufuku tena na tena, na hilo linatosha kueleza kama ile ya kwanza ilifanikiwa.

Fedha alizitoa wapi?

Kodi. Lagos ilikuwa na sababu ya pekee ya kuichukulia kodi kwa uzito. Tinubu alipogawa jimbo katika maeneo mapya ya serikali za mitaa, kutoka 20 hadi 57, Rais Olusegun Obasanjo alizuia mgao wa serikali za mitaa za Lagos mwaka 2004. Jimbo likaenda Mahakama ya Juu. Desemba mwaka huo mahakama ikasema mambo mawili: maeneo hayo mapya hayajakamilika kisheria hadi Bunge la taifa lichukue hatua, na rais hana mamlaka ya kuzuia fedha. Fedha hazikutoka mara moja hata hivyo. Rais Umaru Yar'Adua ndiye aliyeziachia, mwaka 2007.

Miaka hiyo Fashola alikuwa ndiye mkuu wa ofisi, akitazama jimbo likinyimwa fedha zake huku hukumu ikiwa mkononi. Somo alilotoka nalo ni rahisi kulisoma katika vitendo vyake. Mapato ya ndani ya Lagos, yaliyokuwa takriban naira milioni 600 kwa mwezi mwaka 1999, yalivuka bilioni 20 kwa mwezi katika kipindi chake. Kwenye kila mradi aliweka bango la kuwaambia wananchi kwamba kodi yao ndiyo imejenga.

Alikopa pia, na si kidogo. Alipoondoka, deni la nje la Lagos lilikuwa takriban dola bilioni 1.17, kubwa kuliko la jimbo lolote nchini.

Kwa nini wengine wanamchukia?

Bomoabomoa, kwanza kabisa.

Januari 2009 serikali yake iliisafisha Oshodi, makutano ya barabara ambako soko lilikuwa limemeza njia na magari yalikwama kwa saa nzima, na vibaka wakipita dirisha kwa dirisha. Leo foleni pale si ile ya zamani. Machinga walioondolewa walikuwa maelfu, na soko walilopangiwa mbadala halikuwa na wateja wale.

Julai 2012 ikawa zamu ya Makoko, mtaa wa wavuvi uliojengwa juu ya nguzo ndani ya wangwa. Notisi ilikuwa ya saa 72. Nyumba zilikatwa nguzo, na kiongozi mmoja wa jamii akauawa kwa risasi ya polisi, ubomoaji ukasitishwa. Februari 2013 mashine zikaingia Badia East, na kwa hesabu ya Amnesty International karibu watu 9,000 waliathirika. Eneo hilo lilikuwa chini ya mradi wa Benki ya Dunia wa kuboresha makazi duni, ikabidi fidia ijadiliwe baada ya nyumba kuwa tayari ni vumbi.

Utetezi wa serikali ulikuwa wa kisheria kila mara: hawana hati, wamejenga kwenye hifadhi ya njia, wamepewa notisi. Kwenye karatasi hoja hizo husimama. Tatizo ni kwamba wakili wa ardhi, kuliko mtu yeyote, anajua ni kwa nini maskini wa Lagos hana hati.

Ni kweli aliwafukuza Waigbo mjini?

Julai 2013 maofisa wa Lagos walichukua kundi la watu waliosemekana kuwa ombaomba na wasio na makazi, wakawasafirisha hadi Onitsha, Jimbo la Anambra, na kuwaacha karibu na daraja la mto Niger usiku. Watu hao walikuwa Waigbo, kabila kubwa la kusini mashariki mwa Nigeria, na nchi ikawaka moto. Serikali ya Lagos ilisema ilikuwa inawarudisha kwa ndugu zao na kwamba iliwasiliana na Anambra, Anambra ikakana. Septemba mwaka huo Fashola aliomba radhi hadharani, akisema hakukusudia kuwakosea Waigbo. Katiba ya Nigeria inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini, na yeye alikuwa SAN.

Je, ni kweli alikuwa na sheria ya kuwabana wenye nyumba?

Ndiyo, na msomaji yeyote aliyewahi kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo atatamani kuijua. Sheria ya upangaji ya mwaka 2011 ilimkataza mwenye nyumba kumdai mpangaji mpya kodi ya zaidi ya mwaka mmoja. Lagos wakati huo ilikuwa kawaida kudaiwa ya miaka miwili, mitatu. Aliyevunja aliweza kutozwa faini au kufungwa.

Iliacha nje Ikoyi, Victoria Island, Apapa na mtaa wa wakubwa wa Ikeja. Kwingine wapangaji waliendelea kulipa ya miaka miwili kimyakimya, kwa sababu anayekwenda kumshtaki mwenye nyumba huwa hajapata chumba bado.

Alishughulikiaje Ebola?

Vizuri sana. Tarehe 20 Julai 2014 Patrick Sawyer, msafiri kutoka Liberia, alitua uwanja wa ndege wa Lagos akiwa mgonjwa. Akapelekwa hospitali binafsi ya First Consultants huko Obalende, ambako Dkt. Ameyo Adadevoh alikataa kumruhusu aondoke, licha ya shinikizo. Daktari huyo naye alifariki kwa ugonjwa huo, 19 Agosti. Yeyote anayetaka kumpa mtu mmoja sifa ya kuiokoa Lagos aanzie kwake.

Madaktari wa hospitali za umma walikuwa kwenye mgomo wakati huo. Hata hivyo timu za shirikisho na jimbo, zikitumia kituo cha dharura kilichojengwa kwa ajili ya polio, ziliwafuatilia watu 894 waliokuwa wamekutana na wagonjwa, nyumba kwa nyumba, kwa ziara zipatazo 18,500. Nigeria ilipata wagonjwa 20 na vifo 8, na 20 Oktoba 2014 Shirika la Afya Duniani likaitangaza haina Ebola. Mchango wa Fashola ulikuwa fedha, majengo, na kutoleta siasa kati ya jimbo lake la upinzani na Abuja. Alikwenda pia mwenyewe kwenye kituo cha kutenga wagonjwa.

Haya yasifunike ya 2012, alipowafukuza kazi madaktari 788 waliogoma. Walirudishwa baadaye.

Daraja la Lekki–Ikoyi lina kesi gani?

Lilifunguliwa 29 Mei 2013, lina urefu wa kilomita 1.36, limeninginizwa kwa nyaya, na picha za harusi za Lagos nzima zimepigwa pale. Kulipita ni kwa kulipia. Wakili mmoja wa haki za binadamu akaenda mahakamani kuuliza ni sheria gani inayoruhusu malipo hayo, na Machi 2014 Mahakama Kuu ya Shirikisho ikajibu kwamba hakuna. Serikali ya jimbo ikakata rufaa, na malipo yakaendelea kukusanywa. Gavana ambaye ni SAN, kushindwa kwa hoja ya sheria ipi!

Mwislamu aliyepiga marufuku hijabu shuleni, ilikuwaje?

Serikali yake ilizuia hijabu katika shule za umma za msingi na sekondari, kwa hoja ya sare moja. Yeye ni Mwislamu, mkewe Abimbola ni Mkristo. Kwa Wayoruba, kabila lake, nyumba za namna hiyo ni za kawaida. Mahakama Kuu iliunga mkono katazo mwaka 2014, Mahakama ya Rufani ikalitengua 2016, na Juni 2022 Mahakama ya Juu ikahitimisha: wanafunzi wana haki ya kuvaa.

Na ada za chuo kikuu?

Ada ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Lagos ilipanda mwaka 2011 kutoka naira 25,000 hadi kati ya 193,750 na 348,750, kutegemea masomo. Wanafunzi waliandamana kwa miaka mitatu. Ikarudishwa 25,000 mwaka 2014, uchaguzi ukikaribia.

Uwaziri ulimwendaje?

Novemba 2015 Buhari alimkabidhi wizara tatu kwa mkupuo: nishati, ujenzi na nyumba. Watu walisema amepewa nchi. Upande wa umeme ulimshinda, kama ulivyowashinda waliomtangulia, na alisumbuliwa bila huruma na kauli aliyonukuliwa akiitoa akiwa upinzani, kwamba serikali makini ingetatua tatizo la umeme ndani ya miezi sita. Yeye husema alinukuliwa vibaya. Mwaka 2019 akapunguziwa nishati, akabaki na ujenzi na nyumba, na hapo alionekana zaidi: Daraja la Pili la mto Niger, lililoahidiwa kwa miongo kadhaa, lilizinduliwa Mei 2023, na barabara kuu ya Lagos–Ibadan ikasogea.

Mwaka 2017 aligombana na wabunge waziwazi, akidai katiba haiwaruhusu kuchomeka miradi yao ndani ya bajeti. Wakili hakumtoka.

Oktoba 2020, siku chache baada ya wanajeshi kuwafyatulia risasi waandamanaji wa EndSARS, waliopinga ukatili wa polisi, kwenye kituo cha malipo ya barabara cha Lekki, alitembelea eneo hilo na magavana na kuokota kamera ndogo ya video mbele ya waandishi wa habari. Vijana walimcheka mitandaoni, wakimwita mpelelezi wa sinema. Wengi wa vijana hao walikuwa watoto alipoanza ugavana; hiyo kamera ndiyo Fashola wanayemjua.

Amewahi kutiwa hatiani kwa rushwa?

Hapana. Mwaka 2015 kulizuka kelele kuhusu naira milioni 78 zilizotajwa katika nyaraka za jimbo kuwa za tovuti ya gavana. Alijibu kwamba zabuni ilifuata taratibu. Hakufunguliwa mashtaka.

Kuna magavana wanasheria Afrika Mashariki?

Kenya wapo. James Orengo, gavana wa Siaya tangu 2022, ni wakili mkongwe wa kesi za siasa. Kivutha Kibwana, aliyeongoza Makueni 2013 hadi 2022, alikuwa profesa wa sheria, na aliyempokea, Mutula Kilonzo Junior, naye ni wakili. Tofauti yao na Fashola ni kwamba wote watatu walipitia bungeni kwanza.

Yuko wapi sasa?

Tinubu alipoapishwa rais 29 Mei 2023, wengi walidhani Fashola atarudi baraza la mawaziri. Hakuteuliwa. Agosti mwaka huo, majaji wakisubiriwa kutoa uamuzi wa kesi ya uchaguzi wa rais, uvumi ulienea mitandaoni kwamba Fashola yuko mahali amejifungia, anawaandikia majaji hukumu. Akakanusha na kulipeleka suala hilo polisi, na watu wakakamatwa.